Kioo cha mlango kina michirizi au kinalia: usafishe, upige polishi au ubadilishe?

Wanaoendesha huku Dodoma mnajua, gari ikishapiga kiangazi kimoja viwili vioo vya milango vinaanza vituko, kimoja kina michirizi ambayo mchana huioni ila jua la jioni likikupiga ubavuni unaona kama mtu kapitisha stilwaya, kingine kinalia kwiii kila ukikishusha hadi mlinzi wa geti anajua umefika kabla hajakuona. Ukienda gereji jibu ni "tubadilishe mashine". Ukienda kawoshi wanakupulizia oili, kelele inaisha hapo hapo unafurahi, wiki haijaisha imerudi na imeongezeka.

Sasa hapa naziweka njia zote ubavu kwa ubavu, kusafisha, kupiga polishi, kulainisha, kubadilisha, na lini uchague ipi. Nasema kwa mazingira ya huku, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni ni wa watu wa nchi za baridi, wao kesi yao ni barafu, sisi kesi yetu ni vumbi. Kuanzia Mei mpaka Novemba hamna mvua ya maana, Julai na Agosti upepo ndo usiseme, barabara za mitaani Nkuhungu, Nzuguni, Ilazo nyingi bado ni za vumbi, halafu juu yake weka maji yetu ya visima yenye chumvi. Vumbi na chumvi ndo vinaamua karibu kila kitu hapa chini.

Kidogo tu ujue kioo kinapita wapi. Pale kinapozama mlangoni kinabanwa na mipira miwili myembamba kama ulimi, mmoja upande wa nje mmoja wa ndani, kazi yake ni kukipangusa kikishuka na kikipanda. Pembeni na juu kinateleza ndani ya mpira wenye mfereji, ule umevalishwa kitu kama manyoya mafupi ili kioo kiteleze bila kelele. Ndani ya mlango kuna mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, na mota yake. Basi, matatizo yote yanatoka kwenye moja ya sehemu hizo, au kwenye mkono wa mtu anayefuta.

ALAMA: soma kwanza zinaelekea wapi

Usitoe hata mia kabla hujaangalia mwelekeo. Michirizi ya wima, imenyooka, imepangana kama mistari ya daftari kutoka juu kwenda chini, hiyo hajaifanya mtu, imefanywa na kioo chenyewe kikipita kwenye mpira wa nje wenye mchanga. Michirizi inayozunguka zunguka au inayokatizana kila upande hiyo ni ya mkono, mtu kafuta kioo kikavu na kitambaa chenye vumbi. Na hapa watu hulaumu kitambaa, "kitambaa kigumu", wakati kitambaa hakiwezi kuchana kioo hata siku moja. Kinachochana ni mchanga. Mchanga wa huku umetokana na mawe ya graniti, yale majabali unayoyaona kila kona ya mji, na ndani ya graniti kuna kwatzi ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, kioo kipo kwenye 5 na nusu hivi. Kwa hiyo punje moja tu ikikaa kwenye ulimi wa mpira, kila ukishusha kioo kulipia parking au kununua zabibu barabarani inachora mstari ule ule pale pale.

Hii tofauti ya wima na mviringo ina maana kubwa kwenye uamuzi. Ya mviringo ukiipiga polishi ikatoka, imetoka, unabadilisha tabia ya kufuta na maisha yanaendelea. Ya wima ukiipiga polishi bila kugusa mpira umetupa hela, mchanga upo pale unasubiri. Kama mpira umekauka umepasuka na ulimi umejikunja, kuusafisha nako ni kujidanganya, nunua mpira wa nje mpya ndo ufikirie polishi. Na mimi kwa hapa sina kigugumizi, kama una hela ya kitu kimoja tu kwenye mlango wenye michirizi ya wima, peleka kwenye mpira, michirizi iliyopo utaizoea lakini haitaongezeka.

Jaribio la kucha wengi wanalijua. Pitisha kucha taratibu kukatiza mchirizi, kama kucha inapita bila kuhisi kitu basi polishi inaweza kuuondoa au kuufifisha, kama kucha inanasa huo ni mfereji, usiuguse.

Kwa nini usiuguse? Kioo cha mlango sio kama cha mbele. Cha mbele ni vioo viwili vimebandikwa na plastiki katikati, cha mlango kwa gari nyingi ni kioo kimoja kilichochomwa zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, ndo maana kikipasuka kinamwagika punje punje na hakikukati vibaya. Angalia maandishi madogo kwenye kona, Toyota nyingi za Japan utakuta TEMPERLITE kwenye vioo vya milango na LAMISAFE kwenye cha mbele. Sasa kuondoa mfereji lazima ule kioo chote cha kuzunguka mpaka kilingane na chini ya mfereji, matokeo yake pale panakuwa na kibonde na ukiangalia kupitia hapo kioo cha pembeni, yaani saidi mira, kinaonekana kinacheza cheza. Kwa mlango wa mbele hiyo ni hatari kabisa, bora mchirizi.

Polishi yenyewe inayofanya kazi kwenye kioo ni ile poda ya siriamu oksaidi, unaichanganya na maji inakuwa kama uji mwepesi, unatumia pedi ya sufi ngumu kwenye mashine ya spidi ndogo, na muda wote paloweshwe pasipate moto, ukihisi kioo kinachemka simama. Ni kazi ya muda mrefu kwa eneo dogo. Kompaundi ya rangi ya bodi ambayo vijana wengi wanayo haifanyi kitu cha maana kwenye kioo, inang'arisha tu unaona kama kimetakata. Dawa ya meno ni hivyo hivyo, inaondoa uchafu uliogandamana, mchirizi unabaki. Kwa hiyo mtu akikwambia anapiga polishi kioo muulize anatumia nini, akikutajia kompaundi ya bodi mwambie asante.

Madoa meupe ya duara duara ni kesi nyingine kabisa na huku ndo yamejaa. Hayo sio mikwaruzo, ni chumvi za maji, kalisiamu na magneziamu, gari imeoshwa saa saba mchana na maji ya kisima yakakauka kabla hayajafutwa. Hapa usiende kwenye polishi kwanza, anza na siki nyeupe. Gari iwe kivulini na kioo kiwe cha baridi, lowesha kitambaa kwa siki na maji nusu kwa nusu, kibandike kwenye kioo dakika chache, futa, suuza kwa maji mengi, usiiache ikatiririka kwenye rangi au kwenye mpira ikakaa. Ndimu inafanya kazi ile ile ila inanata, siki ni safi zaidi. Ikitoka nusu rudia. Ikigoma kabisa na ukipapasa kioo ni laini lakini doa unaliona, maana yake chumvi imeshakula kioo chenyewe, hapo ndo polishi ya siriamu inapata kazi, na hii ni kazi inayofaa kuilipia kuliko mchirizi maana doa halina kina.

Kuna kawoshi wanatumia asidi ya betri iliyochanganywa na maji. Inatoa madoa, ndio. Inakula pia rangi, nikeli, na mikono ya huyo kijana. Kama umeona wanaandaa hicho kidumu ondoa gari.

Sasa tinti. Tinti inabandikwa upande wa ndani, kwa hiyo kabla hujamwita mtu wa polishi jiridhishe mchirizi uko upande gani, kucha nje, kucha ndani. Ukinasa ndani, ni plastiki ya tinti imechanika, mara nyingi imechanwa na mpira wa ndani wenye vumbi, na hapo hakuna polishi wala dawa, ni kubandua na kubandika upya au kuacha. Tinti ikishageuka zambarau au ina malengelenge nayo ni kubandua tu, rangi imekufa kwa jua. Kioo chenye tinti usikisafishe na dawa ya vioo yenye amonia wala stilwaya wala wembe. Kioo kitupu kinavumilia wembe mpya uliolala ukiwa na maji ya sabuni, hiyo ni sawa kwa gundi ya stika.

Weusi unaojipaka kwenye ukingo wa kioo na ukigusa unabaki kidoleni, ni mpira unazeeka, mara nyingi umesaidiwa na mafuta waliyokupulizia. Ukungu wa mafuta mafuta ndani ya kioo ambao unaonekana zaidi usiku, ni plastiki za ndani ya gari zinatoa mvuke gari ikichemka juani, maji ya sabuni kidogo na kitambaa kingine kikavu vinatosha. Na kama umevaa miwani ile ya poloraidi ukaona vidoa vidoa au mistari imepangika vizuri kwenye kioo kizima, hilo sio tatizo, ni alama za kile kioo kupozwa kwa upepo kiwandani, vua miwani vinapotea. Kuna watu wameshalipishwa "kusafisha" hivyo vidoa, jamani.

KELELE: inalia wakati gani?

Hapa swali la kwanza sio inaliaje, ni lini. Ukibonyeza swichi tu? Gari ikipita kwenye matuta kioo kikiwa nusu? Au kioo kimefungwa na uko spidi barabara kuu? Ukijibu hilo umeshapunguza ubishi nusu.

Ikilia ukibonyeza swichi. Kwiii ndefu, au kama mtu anafuta ubao, ni mpira mkavu wenye vumbi. Krrr ya chini ndani ya mlango ni waya wa mashine umeanza kuchanika au hamna grisi. Ka-ka-ka na kioo hakiendi, meno yamelika ama kwenye mota ama kwenye mashine. Mota inazunguka unaisikia lakini kioo kimekaa au kimelala upande, kishikio kinachoshika kioo kwenye mashine kimevunjika au waya umekatika. Ukibonyeza na kimya kabisa, hapo achana na mipira, ni umeme, swichi, fyuzi au waya zile zinazopita kwenye bawaba ambazo hukatika kwa kufungua funga mlango.

Kuna jaribio la bure kabisa ambalo lingeokoa hela za watu wengi. Chukua maji ya sabuni, mimina kwenye mifereji ya pembeni na kwenye mipira ya juu na chini, shusha pandisha kioo mara kadhaa. Kama kelele imepotea au kioo kimekuwa chepesi, mashine yako ni nzima, ugonjwa ni mpira. Kama hakuna kilichobadilika, ugonjwa uko ndani. Jaribio la pili, washa injini kabisa ndo ubonyeze, maana betri iliyochoka inafanya kioo kipande kwa uvivu na fundi anakuuzia mota.

Mazungumzo ya gereji huwa hivi, dada kaja na Toyota IST, fundi kabonyeza mara moja:

"Dada hapa mashine imekufa, tutafute nyingine."
"Lakini mota si inalia kaka?"
"Inalia ila haina nguvu."
"Basi tumwagie maji ya sabuni kwanza kwenye mpira, ikigoma ndo ufungue kava nione kwa macho."

Ukiongea hivyo fundi mwenyewe anabadilika, anaona huyu anajua, na sio kwamba mafundi wote ni wezi, wengi tu wamezoea njia ya mkato.

Silikoni, WD-40, grisi au poda

Hapa ndo pana makosa mengi. Kwenye mpira wa kioo chagua silikoni ya kupulizia, nukta. Sababu yake ni kwamba mpira wa milango ya gari mara nyingi ni aina ya EPDM, unavumilia jua na maji vizuri sana lakini hauelewani na mafuta yanayotokana na petroliamu, unavimba, unalegea, ndo ule weusi niliosema. Silikoni haiuvimbishi, na ikishakauka inaacha utelezi mwembamba ambao haudaki vumbi sana.

WD-40 ya kawaida, ile ya kopo la bluu na njano, ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego Marekani kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma kisishike kutu, na hiyo 40 ni jaribio la arobaini ndo lilikubali. Ni nzuri kwa kazi yake, bolti iliyoganda, bawaba. Kwenye mpira wa kioo inanyamazisha kelele dakika hiyo hiyo ndo maana watu wanaipenda, sehemu kubwa yake inaruka hewani, inayobaki ni mafuta mafuta, na mafuta kwenye vumbi la Dodoma yanageuka msasa. Michirizi ya wima mingi niliyoiona kwenye gari za hapa mjini ni ya gari ambazo zilipuliziwa kitu cha mafuta. Angalia kopo lakini, kampuni hiyo hiyo ina kopo jingine la silikoni, hilo sawa, soma maandishi sio rangi.

Grisi ni ya chuma. Meno ya mashine, reli, waya, hapo tumia grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu. Ukiiweka kwenye mfereji wa mpira siku mbili tu utaona kioo kimepakwa uji wa kijivu. Vaselini nayo inatokana na petroliamu, usiseme "ni ya mtoto haina madhara". Poda ya mtoto inanyamazisha mpira kweli na haiuharibu, ni msaada wa haraka ukiwa njiani Manyoni huko, ila haikai, na kioo kinakuwa cheupe.

Kabla ya silikoni lazima mfereji usafishwe, hii haikwepeki. Funga kitambaa kwenye ncha ya bisibisi bapa au kijiti cha mshikaki, kiloweke maji ya sabuni, pitisha mferejini kioo kikiwa chini, utatoa tope jekundu hutaamini. Mswaki laini kwa ile mipira ya ulimi. Suuza, acha ikauke kabisa, ndo upulizie kwa kutumia kile kirija, kidogo, pandisha shusha, futa kioo. Ukipulizia juu ya vumbi umetengeneza matope ya silikoni tu.

Na mpangilio wa kazi uzingatie. Kama unataka kubandika tinti, bandika kwanza silikoni baadae, maana ikigusa kioo tinti haishiki ukingoni. Kama gari inaenda kupigwa rangi mlango usipulizie silikoni kabisa mpaka irudi, rangi inakataa kukaa, inatoboka vitundu.

Mashine: used, mpya, au kuunga

Ikithibitika ugonjwa uko ndani, angalia kwanza una mashine ya aina gani. Ile ya mikono miwili inayokatizana kama mkasi ni ngumu, haifi hovyo, mara nyingi inadai grisi na bolti zikazwe tu. Ile ya waya na vishikio vya plastiki ndo husumbua, jua letu linaikausha plastiki inavunjika kioo kinadondoka ndani puu.

Ya mkasi, na mota ya aina yoyote, mimi nachagua used ya Japan kuliko mpya ya bei rahisi, chuma cha mwanzo ni chuma, mota mpya za kopi nyingi zinapandisha kioo kama zinaombwa. Ijaribu kwenye betri hapo hapo dukani kabla hujalipa. Ya waya nageuza, nachagua mpya, kwa sababu ukinunua used unanunua plastiki yenye umri ule ule wa iliyovunjika. Kuunga waya kwa kuubana na bolti au kuchomelea kishikio, hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, ikatike tena ukiwa umeegesha Sabasaba kioo wazi uone.

Mpira wa mfereji usinunue used hata kama unauona mzuri. Ukiwa mgumu ukiubonyeza haurudi, umeisha, achana nao.

Ukiagiza kitu chochote mkumbushe muuzaji namba ya chesesi, sio jina la gari tu. IST za 2002 mpaka 2007 na za 2007 mpaka 2016 ni milango tofauti kabisa, na kioo cha mlango hakikatwi kikalingana maana ukikikata kinamwagika chote. Huku spea zikikosekana inabidi zitoke Kariakoo kwa basi, mashine haina shida, lakini kioo sisitiza kifungwe kingo zote nne kwa boksi na sponji, uso wa kioo hiki una nguvu ajabu ila kikigongwa ukingoni kwenye chuma unapokea gunia la punje.

Fundi akifungua kava la mlango simama hapo hapo uangalie vitu vitatu. Kioo kimefungwa kwa masking tepu juu ya fremu kabla hajalegeza bolti, kisidondoke. Klipu za kava hazivunjwi, zikivunjwa mlango utagonga gonga milele na utadhani ni kioo. Na ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango irudishwe, hii mafundi wengi wanaichana wanaitupa, "haina kazi bosi", kumbe ndo inazuia vumbi na maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, ukijiuliza kwa nini kiti kina vumbi na vioo vimefungwa jibu liko hapo.

Kazi ikiisha na betri ilichomolewa, kioo cha oto kinaweza kukataa kupanda chenyewe au kikafika juu kikarudi chini. Haijaharibika. Kwenye Toyota nyingi taa ya swichi ya dereva inakuwa inawaka kwa kukonyeza, pandisha kioo mpaka mwisho na uendelee kushikilia swichi sekunde kadhaa mpaka itulie. Ikirudi chini hata baada ya hapo, kinakutana na mpira mkavu kinadhani ni mkono wa mtu, rudi kwenye silikoni.

Kioo kinagonga, au upepo unapiga mluzi

Kinagonga kwenye matuta kikiwa nusu na kikifungwa kinanyamaza, mfereji umepanuka, au kama ni wa chini mlangoni umeshuka kwenye mahali pake. Shika kioo kwa viganja ukitikise, ukiona kinacheza sana mbele na nyuma ni mfereji, kikicheza pamoja na mlio wa chuma chini ni bolti za mashine. Kubana bolti ni kazi ya nusu saa, anza nayo. Kinagonga hata kikiwa kimefungwa, kuna kitu kinazunguka ndani ya mlango, kipande cha kishikio cha zamani au bolti ya fundi aliyepita.

Mluzi wa upepo ukishafika spidi 80 kwenye barabara ya Morogoro, wengi wanakimbilia kubadilisha mpira wa mlango mzima na bei yake sio ya mchezo. Kabla ya hapo angalia ile plastiki ya mvua juu ya kioo, gari nyingi za Japan zinakuja nayo, gundi yake ikiachia hata kwa ncha tu inapiga mluzi kama filimbi, na dawa yake ni tepu ya pande mbili. Kama sio hiyo, bana kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu ufunge mlango, kivute, kikitoka bila kubishana hapo hapabani. Zunguka mlango mzima hivyo. Kama hapabani sehemu moja ya juu tu, mara nyingi mlango umeshuka kwenye bawaba au uliwahi kunyooshwa baada ya ajali, kurekebisha mlango ni rahisi kuliko mpira. Kama hapabani karibu kote, mpira umelala, nunua.

Forester za kabla ya 2008 na ndugu zake wa Subaru zilizo na milango isiyo na fremu juu ni kundi la peke yake, pale kioo chenyewe ndo kinabana mpira wa bodi, kwa hiyo mluzi unatibiwa kwa kurekebisha kioo kinasimama wapi na kimeinamia ndani kiasi gani, na bolti zake ziko chini ya kava. Hii usimpe fundi anayejifunzia kwako, akikosea kidogo kioo kinagonga bodi kila ukifunga mlango, na umeshasikia nilichosema kuhusu ukingo.